Jaruba la Kijivu

Wadogo zangu wa chumba cha mitambo, mmeniomba niandike jinsi kile chombo cha kupimia diski kilivyotengenezwa, kwa sababu mnakitumia kila wiki na hakina maelezo popote. Ni kweli hakina. Nilidhani nitakuwepo siku zote kuwaeleza kwa mdomo, jambo ambalo mtu mwenye akili timamu hadhani. Sasa nimestaafu kwa hiari, nina meza karibu na dirisha na asubuhi nzima isiyo na mtu wa kuniita, kwa hiyo naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vimo kwenye jalada langu, na hakuna aliyewahi kulisoma bila kusinzia.

Niliingia redioni kama mwendesha jenereta. Mpanda ya wakati ule iliwashwa na mashine za dizeli, na umeme wake ulikuja na kuondoka bila kuaga. Kazi yangu ilikuwa kusubiri taa zizimike, nikimbie uani, nivute kamba, redio irudi hewani kabla msikilizaji hajahamia stesheni nyingine. Siku ya kwanza nilivuta kamba mpaka nikaanguka chali. Koki ya mafuta ilikuwa imefungwa. Aliyenionyesha koki alikuwa Bwana Remi, mhariri wa sauti, Mfipa mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakucheka. Alisema tu, "Hiyo hutaisahau," akarudi ndani.

Remi ndiye aliyenifundisha kazi. Enzi zile sauti ilikaa kwenye kanda, na kanda ilihaririwa kwa wembe. Alikuwa anaizungusha kwa vidole mpaka apate mahali mtu alipovuta pumzi, anaweka alama kwa penseli nyeupe, anakata mshazari, anaunganisha kwa gundi. Mtu aliyekohoa katikati ya maneno alitoka pale akiwa hajawahi kukohoa maishani. Nilimuuliza siku moja anajuaje kama kanda iliyobaki itatosha kipindi. Akaliinua gurudumu la kanda mbele ya macho yangu. "Tazama unene," alisema. Maelezo yaliishia hapo. Ukitazama unaona.

Kompyuta zilipoletwa, Remi alizunguka ile ya kwanza kama mtu anayekagua pikipiki ya kununua. "Kanda yake iko wapi?" Nilifungua boksi nikamtolea diski. Ilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche. Aliipima uzito mkononi.

"Humu wanaingia watu wangapi?"

"Wengi kuliko kabati lote la kanda, Bwana Remi."

Aliinua macho kulitazama kabati. Mimi nilikuwa nimesoma jambo hilo kwenye kitabu lakini sikuwa nimelisikia likisemwa kwa sauti. Kabati lile lilifika darini. Kisha akauliza, "Na ikikaribia kujaa, nitaonaje?"

Naweza kusema bila kuongeza chumvi kwamba miaka yangu yote iliyofuata ilitumika kumjibu, na yeye alistaafu akaenda zake Sumbawanga kabla sijamaliza.

Chuo sikwenda. Nilisoma vitabu vya maelekezo vilivyobaki ndani ya maboksi ya mashine, nikiwa na kamusi pembeni, na mifano yote niliichapa kwa mkono hata pale ilipoonekana ya kijinga. Nawashauri nyie mfanye hivyo hivyo. Kunakili na kubandika hakufundishi vidole. Nilipohamishwa kutoka uani kuingia chumba cha mitambo, tayari nilikuwa naweza kuandika programu ndogo ya kupanga matangazo ya vifo kwa saa. Haikuwa nzuri, lakini haikumsahau marehemu yeyote.

Sasa niwaambie kuhusu Mama Nyanzala, kwa sababu bila yeye chombo kile kingebaki mchezo wa fundi. Wengi wenu mmemkuta akiwa amechoka. Wakati ule alikuwa sauti ya mkoa. Aliendesha kipindi cha kutafutana. Mnajua hali yetu: kuna wafugaji waliotoka kaskazini na mifugo, familia moja ikashika njia hii na nyingine ile, kuna wavuvi wa Karema waliohamia ng'ambo, kuna walioachana wakiwa watoto. Mtu alikuja studioni, akakaa mbele ya maikrofoni, akasema anamtafuta nani. Mama Nyanzala alikuwa na utaratibu wake: ujumbe ulirudiwa hewani kwa zamu mpaka mtu apatikane. Faili lilikaa kwenye folda iliyoitwa "Bado". Mtu akipatikana, alilihamisha yeye mwenyewe kwenda folda nyingine, na siku hiyo alitununulia wote maandazi.

Diski ikajaa. Haikujaa kwa heshima. Ilianza kukata taarifa ya habari katikati, kisha ikakataa kurekodi kabisa. Diski mpya ilikuwa imeagizwa, lakini masika yalikuwa yamekolea na barabara ya kutoka Tabora ilikuwa haipitiki. Meneja wetu, Bwana Edgar, mtu mtaratibu ambaye hakuwahi kunifokea, alituita mimi na Mama Nyanzala.

"Folda ya Bado ifutwe," alisema. "Ni ya muda mrefu kuliko zote. Aliyetaka kupatikana angeshapatikana."

"Meneja," Mama Nyanzala alijibu, "ng'ombe wa baba yangu akipotea tunamfuata mpaka tumpate au tuone mifupa. Sasa hao ni watu. Unataka niwafute kama uchafu wa ubaoni?"

"Mama, sina ugomvi na watu wako. Kompyuta ndiyo imekataa. Nipe folda nyingine nifute."

"Futa hotuba zako."

Bwana Edgar alinitazama mimi. Nilisema ukweli, kwamba sijui kama folda ya Bado ndiyo kubwa. Hakuna aliyejua. Tulikuwa tunaihukumu kwa sababu tunaiona kila siku.

"Nipeni mpaka Ijumaa," nilisema. "Kuna kitu nakitengeneza. Kitatuonyesha diski yote kwa mara moja."

"Mimi sihitaji picha, fundi. Nahitaji nafasi."

"Ijumaa, Meneja."

"Ijumaa mchana. Baada ya hapo nafuta mwenyewe."

Mama Nyanzala alinifuata mpaka mlangoni. "Nyie Wapimbwe mnapenda kuahidi," alisema. "Haya. Mimi nimeshaahidi watu wengi humo ndani kuliko wewe. Usiniangushe."

Kitu chenyewe nilikuwa nimekianza kwa kujifurahisha. Kompyuta ina amri yake ya kupima folda, lakini inatoa orodha ya tarakimu inayoshuka mpaka chini ya skrini, na watu wawili wakiitazama wanapata sababu mbili za kubishana. Nilitaka mtu aone, kama Remi alivyoona unene wa kanda. Kwetu Usevya ukipanda ukingo wa bonde na kugeuka nyuma, unayaona majaruba ya mpunga yote kwa pamoja, kila moja na tuta lake. Huhitaji kuambiwa lipi la mwenye shamba kubwa. Nikaamua diski ichorwe hivyo: folda ni jaruba, folda iliyo ndani yake ni jaruba ndani ya jaruba, na ukubwa wa eneo ni ukubwa wa kilichomo. Baadaye nilikuja kusoma kwamba wenzetu wa nchi nyingine walishafikia mchoro wa namna hiyo zamani. Sikuhuzunika. Nilifurahi kwamba watu ambao hawajawahi kukanyaga tope la mpunga waliona nilichokiona.

Jaribio la kwanza liliniambia diski imebeba zaidi ya uwezo wake. Nilikagua hesabu yangu mpaka macho yakauma. Kumbe kulikuwa na njia ya mkato iliyoelekeza kwenye folda iliyo juu yake, na chombo changu kilikuwa kinazunguka humo kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, kinahesabu vitu vile vile kila kinapopita. Nikakifundisha kutambua njia ya mkato na kutoifuata. Jaribio la pili lilionyesha kidogo mno, kwa sababu nilikuwa nahesabu urefu wa faili na si nafasi linayochukua. Diski inagawa nafasi kwa vipimo vilivyokatwa. Weka mahindi robo debe, debe zima limetumika. Tulikuwa na matangazo madogo madogo mengi, na kila moja lilikalia debe lake. Jaribio la tatu lilikuwa sahihi lakini lilikwaruza hewani: chombo kilisoma diski kwa pupa, na muziki ukaanza kurukaruka. Nikakifanya kiwe na adabu, kisome pale tu diski inapopumzika. Kilichukua muda wa kuiva maharage. Hakuna aliyelalamika.

Rangi zilitoka kwa Mama Nyanzala. Nilikuwa nimepaka folda za zamani rangi nyekundu. Alipita nyuma yangu akaona. "Kwa nini watu wangu ni wekundu? Umeshawahukumu?" Nikaondoa nyekundu. Yaliyoguswa karibuni yakawa kijani, ya zamani yakawa rangi ya mabua makavu. Mabua hayana kosa.

Kanuni moja niliiweka kabla ya zote, na hiyo nawaomba msije mkaibadilisha. Diski yenyewe inajua ni kiasi gani kimetumika. Chombo kinajumlisha kile ambacho chenyewe kimekiona. Hesabu hizi mbili zikitofautiana, tofauti haifichwi: inachorwa jaruba lake, linapakwa kijivu, linaandikwa "Sijui". Ilikuwa rahisi kutolichora. Picha ingependeza zaidi.

Ijumaa asubuhi tulikaa watatu mbele ya skrini. Majaruba yalijichora moja moja kuanzia juu. Nimeandika programu nyingi na sijawahi kuzoea jambo hili, kwamba kitu kisichoonekana, kinachozunguka gizani ndani ya bati, kinaweza kujileta mbele ya macho na kukaa kimya kikitazamwa. Yalionekana matangazo ya vifo, muziki, taarifa za habari. Hotuba za Bwana Edgar zilionekana, na yeye mwenyewe alikohoa kidogo. Folda ya Bado ilikuwa pembeni, rangi ya mabua, nyembamba kama tuta.

"Ni hiyo tu?" aliuliza Mama Nyanzala.

"Ni hiyo tu."

"Watu wote wale?"

"Sauti ya mtu anayeongea haina uzito mkubwa, mama. Muziki ndio unaokula."

Lakini muziki nao haukuwa mkubwa kuliko vyote. Mchoro ulipokamilika, karibu nusu ya skrini ilikuwa ya kijivu.

"Sijui," Bwana Edgar alisoma. "Fundi, nimesubiri wiki nzima nije niambiwe sijui?"

Mama Nyanzala alicheka mpaka akashika meza. "Mimi nimeipenda. Tangu nizaliwe sijaona mashine inayokiri."

Nilijua maana yake: kuna folda ambayo chombo hakikuruhusiwa kuingia. Niliingia kwa nenosiri la msimamizi nikatafuta. Ilikuwa folda ya programu ya kurekodia, iliyofichwa, inayomilikiwa na programu yenyewe. Humo ndimo sauti inamoandikwa kwanza kabla mtu hajaihifadhi kwa jina. Ukihifadhi, inahama. Umeme ukikatika kabla hujahifadhi, inabaki. Programu ikiwashwa tena inaleta dirisha lenye vitufe vitatu: Rejesha, Futa, Baadaye.

Nilipowauliza wanabonyeza kipi, wote wawili walijibu kwa pamoja.

"Baadaye."

Bila shaka. Umeme umekatika, fundi amekimbia uani, jenereta imeunguruma, redio iko kimya na wasikilizaji wanahama. Nani ana muda wa kusoma dirisha? Kila mtangazaji aliyepita pale alibonyeza Baadaye, na programu ikatii. Iliweka kila kipande, ikasubiri. Mji huu ulikatikiwa umeme mara nyingi kuliko nilivyoweza kukumbuka, na kila mara mtu fulani alikuwa mbele ya maikrofoni.

"Basi tumepona," alisema Bwana Edgar. "Futa hizo takataka, folda ya mama ibaki."

Kidole changu kilikuwa tayari. Mama Nyanzala akasema, "Tusikilize kimoja kwanza."

Kipande tulichofungua kilikuwa na sauti ya Bwana Edgar akiwa kijana, akimhoji mgeni. Alikuwa anasema kwa kujiamini, "Na kwa kweli ndugu wasikilizaji, siku hizi hapa kwetu umeme umetul—"

Tulicheka wote, yeye zaidi yetu. Tukafungua kingine: mama mmoja wa Kasokola anaeleza jinsi ya kuhifadhi mbegu, na jogoo anamwingilia. Kingine: kimya kirefu, mtu anajisafisha koo, basi. Kingine kilianza na mvua juu ya bati, halafu sauti ya mwanamume, ya polepole, yenye lafudhi ya Kisukuma.

"Mimi naitwa Masunga. Namtafuta mdogo wangu, Jilala. Tuliachana mtoni, maji yalipojaa, yeye akiwa upande wa pili na ndama. Jilala, kama unasikia, mama alifariki lakini hakufa na kinyongo. Mimi sikuhama. Watu wote walihama, mimi sikuhama. Bado nipo pale pale, karibu na—"

Hapo mvua ikakatika, naye akakatika.

Mama Nyanzala alikuwa hacheki tena. "Namkumbuka," alisema. "Alikuwa amelowa. Nilimwambia, baba, umeme umeharibu, njoo kesho turudie. Hakurudi. Huyu hajawahi kusikika hewani hata mara moja." Akamgeukia Bwana Edgar. "Na wako wangapi wengine humo?"

Bwana Edgar alitazama lile jaruba la kijivu kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeingia kutafuta nafasi, na nafasi yenyewe ilikuwa imejaa watu, wamekaa wamesubiri kwa sababu tuliwaambia baadaye.

"Kompyuta za ofisini zina nafasi?" aliuliza mwishowe.

"Kidogo kidogo, kila moja."

"Wagawanye huko mpaka diski mpya ije. Mhasibu akilalamika mwambie ni mimi."

Mhasibu alilalamika. Tuligawa vipande siku hiyo hiyo, redio ikaanza kurekodi tena jioni. Ndiyo sababu chombo hakina kitufe cha kufuta, na nimeombwa mara nyingi nikiweke. Kazi yake ni kuonyesha. Anayetaka kufuta aende kwa miguu yake mpaka kwenye faili, alifungue, alisikilize, kisha aamue.

Kuhusu Masunga tulibishana. Bwana Edgar aliona haifai kurusha ujumbe usio na mahali. "Tutamtesa huyo Jilala. Atajua anatafutwa na hatajua aende wapi."

"Atajua anatafutwa," alisema Mama Nyanzala. "Hilo tu halitoshi?"

Tulirusha Jumatatu, pamoja na mvua yake. Sikukata kitu. Mwisho ulipofika niliacha kimya kidogo, na Mama Nyanzala akasema hewani kwamba umeme ulikatika, na kwamba anaomba radhi kwa niaba ya redio.

Kabla wiki haijaisha alifika mwanamume kutoka Kabungu, amepanda pikipiki ya kukodi, tope mpaka magotini. Alikuwa mtu mzima, ana mvi kiasi. Alisema alikuwa mashineni akisubiri zamu ya kusaga mahindi, redio ya mwenye mashine ikasema jina lake.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye Jilala."

"Marahaba, baba. Karibu. Lakini nikuambie ukweli, jina la mahali halimo. Tumetafuta, halimo."

"Limo," alisema. "Amesema pale pale."

"Ni wapi, baba?"

"Pale pale." Alishangaa kidogo kwamba tunauliza.

Niliona ni wajibu wangu kumwonya. Nilimweleza kwamba ujumbe ule ni wa muda mrefu, kwamba tarehe ya faili ni ya miaka mingi nyuma, na mtu anaweza kusema jambo kisha maisha yakambadilisha. Alinisikiliza kwa heshima yote.

"Alisema hakuhama?"

"Alisema."

"Basi hakuhama."

Aliomba asikie mara moja zaidi. Nilimvalisha hedifoni. Sauti ilipokatika hakushtuka. Alisubiri kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake avute pumzi, kisha akazivua, akashukuru, akaenda.

Hatukusikia kitu kwa muda. Nilimwona Mama Nyanzala akitazama mlango. Ikafika zamu ya kipindi chake, mistari ya simu ikafunguliwa, na simu ya kwanza ilikuwa na makelele ya ng'ombe. Nilipandisha sauti. Walikuwa wanaume wawili wenye simu moja, na hawakuwa wanaongea na sisi.

"Anza wewe, kaka."

"Hapana. Wewe ndiye uliyekuja. Anza wewe."

"Wewe ndiye uliyeita."

Mama Nyanzala, ambaye hakuwahi kukosa neno, aliinua mkono kunizuia nisikate. Tukawaacha hewani, wakibishana nani aanze, na mkoa mzima ukisikiliza.